FN Sahara Yaamka Kolwezi, na Taa Yake Ni Moto wa Kweli!

Wapenzi wa vyuma vya zamani, acheni mnachofanya! Kuna FN M70, ile ile iliyoitwa Sahara, imesimama juu ya magurudumu yake katika garaji moja ya Manika hapa Kolwezi, na inanguruma. Silinda moja, sentimita za ujazo 350, valvu za pembeni, gia tatu za kubadilisha kwa mkono ubavuni mwa tangi. Lakini si injini iliyonikata pumzi. Ni taa. Haina balbu, haina betri, haina waya hata mmoja. Ndani yake mna moto, moto halisi mweupe pe wa gesi ya asetilini, na mwenye pikipiki aliuwasha kwa njiti ya kiberiti mbele ya macho yangu.

Vijana wa teksi-moto walikuwa wamejazana mlangoni. Mmoja akashindwa kuvumilia: “Papa, hii taa banaichajiaka wapi?” Mzee hakugeuka hata. “Mu maji, mwana. Mu maji.”

Na kweli ni maji, tutafika huko. Kwanza chuma chenyewe. FN ni Fabrique Nationale ya Herstal, pembeni mwa Liège, Ubelgiji, kiwanda kilichoanzishwa 1889 ili kuunda bunduki za Mauser, kisha kikaingia kwenye pikipiki mwanzoni mwa karne iliyofuata. Angalia nembo kwenye tangi: bunduki na pedali za baiskeli pamoja na herufi mbili, historia nzima ya kampuni katika eneo la kiganja. Ndicho kiwanda kilichowaacha watu vinywa wazi 1905 kwa pikipiki ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kazi ya mhandisi Paul Kelecom. M70 ya 1927 haikuwa na makuu hayo. Ilikuwa punda wa kazi, na jina la Sahara ililipata baada ya pikipiki za aina yake kulivuka jangwa lile mwishoni mwa miaka ya 1920. Herstal hiyo hiyo ilizaa pia Saroléa na Gillet, na mtu akiniambia ameona mojawapo Likasi au Lubumbashi nitaondoka leo leo.

Kwamba hii moja imesalia ni bahati tupu. Wabelgiji wengi waliondoka 1960, waliobaki wengi wao wakahamishwa katika vita vya Mei 1978 hapa hapa Kolwezi, na vilivyoachwa stoo vikaishia mikononi mwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mzee wetu, fundi umeme mstaafu wa migodini, aliikuta haina mikono ya usukani na tangi limetoboka kama chekecheo.

Sasa isikilizeni! Ubavuni mwa injini kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka nje, wazi kabisa, hakuna kifuniko (funga kamba za viatu, nawaambia). Uzito huo ndio unaoipa mwendo wake: puh, puh, puh, polepole mpaka unadhani itazima, na haizimi. Mkono wa kulia hauna kishikio cha kuzungushia gesi kama cha Boxer au TVS. Kuna vijiwenzo viwili, kimoja cha hewa na petroli, kingine cha kuwahisha au kuchelewesha cheche. Ukipanda mlima unachelewesha cheche kidogo, ukifika tambarare unaiwahisha, na unaisikia injini ikikushukuru. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,450 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mzee amepunguza petroli inayopita kwenye kabureta. Petroli ya chupa za barabarani inainywa bila kulalamika. Injini za valvu za pembeni hazibani mchanganyiko sana, hazichagui chakula.

Basi, taa! Ni Powell & Hanmer ya Birmingham, ikaja huku nadhani kwa njia ya kusini, maana reli iliyoingia Élisabethville (Lubumbashi ya leo) 1910 ilitoka Rhodesia na bidhaa za Kiingereza zilipanda nayo. Miaka hiyo umeme kwenye pikipiki ulikuwa wa kuongezea pesa, na wengi waliridhika na gesi. Kuna vyumba viwili. Cha juu ni cha maji, cha chini kinawekwa mawe ya kabaidi. Unalegeza kiparafujo, maji yanadondoka tone kwa tone juu ya mawe, gesi inachemka, inapita kwenye mpira mpaka kwenye ncha ndogo ya kauri yenye matundu mawili yanayotazamana. Miali miwili inagongana na kutanuka, moto mpana bapa, na nyuma yake kioo kilichobonyea kinautupa mbele. Gesi inanuka kidogo kama kitunguu saumu. Kinachobaki chini asubuhi ni uji mweupe wa chokaa.

Na hapa ndipo nilipotaka kupiga kelele: kabaidi ipo Kolwezi! Mkusanyaji wa London huitafuta kama dawa adimu, ilhali huku kila fundi wa kuchomelea bodi za magari anayo kwenye dumu nyuma ya kibanda, maana ndiyo inayompa gesi ya kazi yake. Wachimbaji wa chini ya ardhi duniani kote waliitumia vichwani kabla ya taa za betri, hasa kwenye migodi ya shaba na madini mengine isiyo na gesi ya makaa. Kilo moja inatoa takribani lita 300 za gesi. Taa inahitaji konzi chache tu.

Ila kuna jambo moja ambalo mji wa shaba lazima ulisikie. Mpira wa gesi ukichakaa, usije ukaubadilisha kwa bomba la shaba nyekundu! Najua linapatikana, najua linapendeza, najua shemeji yako analo. Asetilini ikikaa na shaba nyekundu hutengeneza chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu. Shaba nyeupe yenye zinki ya kutosha, kama kasha la taa hii, haina ubaya. Mzee aliiambia hadhara ile mara tatu huku akiwa ameshika mpira mpya mkononi, na mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Kazi ya ukarabati imenifurahisha kuliko maonyesho mengi ya kifahari. Kasha la taa lilikuwa limebonyezwa ubavuni. Alilipeleka kwa mmoja wa wale wasanii wanaogonga mabamba ya shaba, wanaouza picha za tembo na kina mama wenye vikapu, naye akalinyoosha kwa nyundo ndogo kutoka ndani mpaka huoni palipokuwa na jeraha. Vipuri vya klachi vilikerezwa upya. Na ahsante mungu wa pikipiki, hakuna kromu! Kromu ilianza kuenea kuelekea 1930; kabla yake vyuma vilipakwa nikeli, yenye mng'ao wa joto, wa manjano kidogo. Kuna watu wanaokarabati vyombo vya miaka ya 1920 na kuving'arisha kama vijiko vya harusi, na nitawasema mpaka waniombe radhi. Mzee ameacha nikeli iliyochoka ibaki imechoka.

Chini ya tangi imefungwa magneto, mashine ndogo inayozalisha cheche yenyewe bila betri. Inageuza nyuzi za shaba karibu na sumaku, basi. Shaba ya Katanga ilipelekwa kusafishwa Hoboken karibu na Antwerp, na kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kutoa kobalti katika miaka ya 1920, wakati ule ule ambapo chuma cha sumaku chenye kobalti, uvumbuzi wa Mjapani Kotaro Honda wa 1917, kilikuwa kikiingia kwenye vifaa vya umeme. Sitaapa kwamba nyuzi hizi zilitoka Lualaba. Lakini nani atanikatalia nisiwaze hivyo, nimeegemea ukuta wenye vumbi la mgodi wa Musonoi?

Tukatoka nayo jioni, njia ya kuelekea Nzilo, ziwa lililozaliwa na bwawa la Mto Lualaba. Nyuma haina springi yoyote, kiti cha ngozi ndicho chenye springi mbili, na kila shimo linakujia na salamu zake. Breki nitazisema kwa adabu: zipo. Unaanza kupunguza mwendo ukiliona lori la madini, si ukilifikia. Honi ni mpira wa kubinya, sauti ya bata aliyekasirika, na watoto wa kando ya barabara waliikimbilia kuliko walivyowahi kuikimbilia gari yoyote ya bosi.

Giza lilipoingia nikaelewa kwa nini mzee hataki kusikia habari za LED. Taa za dinamo za zamani hufifia injini ikipunguza kasi, ukikwama nyuma ya lori unabaki na mshumaa. Moto wa kabaidi haujali injini. Simama, zima kabisa, bado unamulika. Mwanga wake ni mlaini, unatanda mpaka kwenye majani ya kando, hauwachomi macho wanaokuja, na unaiona barabara nyekundu ikiwa nyekundu kweli. Umbali? Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unatosha, na hakuna mwenye akili atakayekimbiza Sahara zaidi ya hapo usiku. Aliyebandika taa ya LED kwenye chombo cha umri huu aniandalie maelezo.

Lawama yangu moja ni nyuma. Taa ya asili haipo, na mzee amefunga kijitaa chekundu cha betri cha baiskeli ya mtoto wake chini ya kiti. Kwa usalama naunga mkono asilimia mia, malori ya huku hayana mzaha. Kwa macho, inauma! Anataka kuipeleka Nairobi kwenye Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanzishwa 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo na yenye madaraja ya pikipiki pia, na hawezi kwenda na plastiki ile. Kwa hiyo tafuteni kwenye stoo za babu zenu: taa ndogo ya nyuma ya kabaidi, kioo chekundu, hata ikiwa imebonyea, wagonga shaba tunao. Mkiipata mpelekeeni mzee upesi, kwa sababu mimi nikiiona kwanza sitampa.