Kupima Ubora wa Kazi ya Kunyanyua Nyuma ya Pikapu

Kunyanyua nyuma ya pikapu ni kazi ya kuongeza umbali kati ya ekseli na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na mzigo, ili gari lipate nafasi zaidi chini, limudu matairi makubwa, au lisikae kitako linapopakiwa. Kazi hii huonekana nyepesi kwa kuwa tokeo lake la kwanza, ambalo ni kimo, hupatikana kwa saa chache na kwa vyombo vilivyomo katika gereji yoyote. Hata hivyo, ekseli ya nyuma imeunganishwa na propela, mpira wa breki, nyaya za breki ya mkono na shokapu, na kila kimoja kilipimwa kiwandani kulingana na kimo cha awali. Kigezo kikuu cha ubora, kwa hiyo, ni uangalifu ambao fundi ameutumia kurekebisha kila kiungo kinachotegemea kimo hicho.

Springi na mzigo wake

Pikapu nyingi zinazotumika Afrika Mashariki, zikiwemo Toyota Hilux na Land Cruiser, hubebwa nyuma na springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopinda, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati kwa boliti inayoitwa sentaboti. Pikapu tupu hukaa ikiwa imeinuka kidogo nyuma kwa makusudi, ili ikipakiwa ishuke na kulingana na mbele. Mjuzi huanza kwa kuuliza kama gari lilihitaji kunyanyuliwa au springi zake zilikuwa zimechoka tu, maana springi iliyolala, yenye mabamba yaliyonyooka au yenye ufa, haiponi kwa kuwekewa kitu cha kuiinua, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kushika spana.

Njia na uzito wa kila moja

Njia rahisi kuliko zote ni kubadilisha shekeli, yaani kiungo kinachoshikiza ncha moja ya springi kwenye chesisi, na kuweka ndefu zaidi. Kwa kuwa ekseli iko karibu na katikati ya springi, gari huinuka takriban nusu tu ya urefu ulioongezwa, na springi ikiinama upande mmoja huizungusha ekseli na kubadili pembe ya difu, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli. Njia ya pili ni kuweka bloku, yaani kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, ambacho huinua gari bila kugusa ugumu wa springi, lakini huipa ekseli mwanya wa kujipinda injini inapovuta kwa nguvu. Bloku moja fupi, iliyotengenezwa kwa chuma kizima na yenye pini inayoingia barabara katika tundu la kiti cha ekseli, yaweza kukubalika. Bloku mbili zilizopandanishwa ni kosa ambalo halina utetezi.

Njia ya tatu ni kuongeza bamba, na hapa ndipo elimu ya fundi hujitokeza, kwa sababu ugumu wa bamba hukua kwa mchemraba wa unene wake. Bamba la milimita 8 lina ugumu wa zaidi ya mara mbili ya bamba la milimita 6 lenye urefu na upana uleule, na fundi anayeokota bamba nene la lori na kulichomeka katika springi ya pikapu hutengeneza gari linalorukaruka likiwa tupu na kupasua mabamba mengine likiwa na mzigo. Bamba jema hulingana kwa upinde na mabamba jirani, hufika mbali kiasi cha kugawana uzito nayo, na halina kona kali inayolichimba bamba lililo juu yake. Njia iliyo bora ni kuweka seti mpya iliyokokotolewa kwa uzito ambao gari hubeba siku zote, ingawa gharama yake ni kubwa.

Chuma na vifungo

Chuma cha springi hupata uwezo wa kupinda na kurudi kutokana na kupashwa moto, kuzimwa ghafla katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini zaidi. Moto wa gesi unaoelekezwa kwenye bamba ili kuongeza upinde hufuta matokeo hayo, nalo bamba hulala upya au hukatika. Kwa hiyo mkaguzi hutafuta madoa ya buluu au kijivu yanayoashiria moto, alama za kuchomelea, na matundu yaliyotobolewa baadaye, kwa kuwa kila tundu au mkwaruzo mrefu ni mahali pa ufa kuanzia.

Yuboti, yaani boliti zenye umbo la herufi U zinazoibana springi kwenye ekseli, hurefuka kidogo zinapokazwa, kwa hiyo zinapaswa kuwa mpya na zenye urefu unaofaa, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na kukazwa tena baada ya kilomita mia chache. Boliti za bushi, yaani vikombe vya mpira vilivyo kwenye ncha za springi, hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi hubaki umesokotwa na kuchanika mapema.

Propela na breki

Propela hupeleka nguvu ya gia kwenye difu kupitia viungo vya msalaba, ambavyo hufanya kazi vizuri pembe zake zinapokuwa ndogo na zinazolingana. Mtetemo unaoanza katika mwendo fulani ni ishara kwamba pembe zimepotoka, na dawa yake ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, au kurekebisha kimo cha beringi ya kati kwenye magari yenye propela ya vipande viwili.

Breki ndizo zinazosahauliwa zaidi. Hilux nyingi za zamani zina vali yenye mkono ulioungwa na ekseli, ambayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likiwa na mzigo. Chesisi ikiinuliwa bila kurekebisha mkono huo, vali huona gari tupu siku zote, nalo gari lililojaa husimama kwa kutegemea mno breki za mbele. Kazi isiyogusa vali hii haistahili kuitwa imekamilika, hata ikipendeza machoni.

Jaribio la mwisho

Mkaguzi huinua chesisi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, kisha huangalia kama mpira wa breki umelegea vya kutosha na kama shokapu haijageuka kuwa kizuizi cha ekseli. Gari likirudi chini kwenye sakafu iliyo sawa, hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi pande zote mbili. Kuinua nyuma kwa milimita 50 huinamisha mbele kwa karibu digrii 1, kiasi cha kushusha mwanga wa taa na kupunguza uwezo wa usukani kujirudisha katikati, hivyo taa na mpangilio wa magurudumu ya mbele hukaguliwa upya. Hatimaye gari huendeshwa likiwa tupu na likiwa limepakiwa, kwenye lami na kwenye matuta.

Mwenye gari na akumbuke kwamba springi ngumu haziongezi uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji, kwa kuwa uzito huo unategemea pia chesisi, ekseli, beringi, matairi na breki. Fundi wa kuaminiwa ni yule anayeuliza kuhusu mzigo kabla ya kutaja bei, na anayemtaka mteja arudi ili yuboti zikazwe tena.