Asilimia na Pasentaili Katika Chati ya Makuzi ya Mtoto

Miongoni mwa tafsiri zitumikazo katika kueleza chati ya makuzi, imo moja ambayo kwa maoni yetu ni potofu: ile ya kuiita pasentaili "asilimia". Kosa hili si dogo, kwani msomaji wa mwisho wa istilahi hii si mtaalamu, bali ni mzazi.

Asilimia ni sehemu ya kitu kilichogawanywa kwa mia. Pasentaili ni mahali pa mtoto katika safu ya wenzake wa umri na jinsia moja. Mtoto aliye katika pasentaili ya 15 kwa uzito huwazidi wenzake 15 hivi katika kila mia. Waliosalia humzidi yeye. Je, mama aambiwaye, "Mwanao ana asilimia 15," atafahamu nini? Tangu shuleni anajua kuwa apataye 15 kwa mia ameshindwa. Ataondoka kliniki akiamini kuwa maziwa yake hayatoshi, na huenda akamwanzishia uji mtoto wa miezi mitatu, ilhali mtoto ni mzima na mstari wake unapanda vizuri.

Yaweza kupendekezwa neno "nafasi". Nalo lina ila: nafasi ya 3 darasani ni sifa, maana huhesabiwa kutoka juu, lakini mtoto wa pasentaili ya 3 ni miongoni mwa wepesi kabisa. Sisi twapendekeza "ngazi ya mia", kwa kuwa ngazi huhesabiwa kutoka chini. Twakiri kuwa neno hili laweza kudokeza kwamba wa juu ndiye bora, na uzito uliozidi nao una madhara. Kwa hiyo istilahi iandamane na maelezo haya: lizingatiwalo zaidi ni mwelekeo wa mstari, si kipimo cha siku moja.

Neno "kiwango" twaliunga mkono. Chati zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 zilitokana na vipimo vya watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, vilivyochukuliwa kati ya 1997 na 2003. Watoto hao walinyonyeshwa na kutunzwa vema; kwa hiyo chati hueleza jinsi mtoto apaswavyo kukua, si jinsi watoto fulani walivyokua tu. Kuziita "chati za wastani" ni kuipoteza maana hiyo, na ni kumfanya mzazi audhani mstari wa katikati kuwa shabaha ya kila mtoto.

Aidha, twawasifu waliotupatia "udumavu" kwa urefu usiolingana na umri, "ukondefu" kwa uzito usiolingana na urefu, na "uzito pungufu" kwa uzito usiolingana na umri. Mfasiri ayafunikaye yote matatu kwa "utapiamlo" humnyima mhudumu tofauti aihitajiyo.

Yatupasa basi, kabla ya kuidhinisha istilahi, tujiulize itasikikaje mbele ya mizani, mama akiwa amempakata mwanawe.