Shetani aliyevaa sare

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Newala, kwenye baraza ya mjomba wangu, nikimpaka rangi askari wa Napoleon. Askari mwenyewe ana kimo cha milimita 28 hivi. Ukimfumbata kiganjani, haonekani. Nilikwenda kusini kwa kazi, kuandika habari za korosho. Nikaanzia Masasi, kisha nikapanda uwandani kusalimia. Kwenye begi nilikuwa na kiboksi cha sanamu, brashi tatu na kitabu kimoja. Leo naandika kuhusu kitabu hicho, ingawa nakiri mapema kwamba mjomba alikielewa kuliko mimi, na Kiingereza hajui.

Kitabu kinaitwa The Silver Bayonet. Mwandishi ni Joseph A. McCullough, na Osprey ndio waliokitoa, mwaka 2021. Ni kanuni za mchezo wa vita wa mezani: dadu za pande kumi, rula ya kupimia mwendo na vikosi vidogo vya askari. Zama ni zile za vita vya Napoleon, mwanzoni mwa karne ya 19. Ila hatari kubwa si Mfaransa wala Mwingereza. Pembeni mwa vita tunavyovisoma shuleni kuna wafu wanaotembea, wanyonya damu, na watu wanaogeuka mbwa mwitu, kama sisi huku kusini tunavyosimuliana habari za simba-mtu. Kila taifa lina kikosi chake cha kupambana na viumbe hao, na askari hubeba silaha za madini ya fedha kwa sababu risasi ya kawaida haimwezi kila mmoja wao.

Niseme wazi, nakipenda. Michezo mingi ya aina hii inakudai jeshi zima, na ukishapaka askari wa hamsini huoni tena sura, unaona foleni. Hapa kikosi hakifiki watu kumi. Kila mmoja ana kazi yake, na akianguka unajua ni nani aliyeanguka. McCullough anajua hofu ya usiku ilivyo, na anajua kwamba hadithi ya kutisha inahitaji watu wachache wenye majina.

Na kupaka rangi, jamani, ni kusoma polepole. Unaanza na praima, unaweka rangi ya msingi, halafu unatia rangi nyepesi kama maji ili iingie kwenye mikunjo ya nguo. Mwisho unapitisha brashi kavu juu ya kingo, na mwanga unatokea. Kwa askari, kila swali lina jibu. Mfaransa ana koti la buluu lenye kifua cheupe. Mwingereza wa kawaida, koti jekundu. Ukikosea kola, yuko mtu mahali fulani duniani atakusahihisha. Ukifika kwa shetani, hakuna wa kukusahihisha. Mpake kijani, mpake zambarau, shauri yako. Bila kusema neno, kazi ya brashi inakufundisha kwamba askari ni wa historia na shetani ni wa kubuni.

Hapo ndipo mjomba aliponikamata. Amechonga mpingo tangu ujana wake, na vidole vyake haviwezi kuona kitu kidogo bila kukigeuza. Akamchukua Mfaransa mkono huu na mfu wangu wa kijani mkono ule.

“Mpwa, huyu nani?”

“Askari, mjomba. Mfaransa.”

“Na huyu?”

“Shetani.”

“Wanafanya nini pamoja?”

“Askari anamwinda shetani, mjomba. Anawalinda watu.”

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. “Askari anawalinda watu,” akarudia, kisha akamwita mkewe aje asikie.

Kicheko kile kina historia. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na misheni ya Waanglikana ikachomwa. Waliopigana waliamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Ukitaka vita vya risasi na nguvu zisizoonekana, huna haja ya kubuni, vilipiganwa hapa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa kuchoma mashamba na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Miaka kumi na kidogo baadaye, mwishoni mwa 1916, Wareno walivuka Ruvuma na kuiteka Newala. Hawakumaliza hata miezi miwili, wakatimuliwa na Wajerumani. Mwaka 1917 wakaja Waingereza, wakimfukuza von Lettow-Vorbeck hadi alipovuka mto kwenda Msumbiji tarehe 25 Novemba. Sare tatu zilipita kwa muda wa mwaka mmoja na ushee.

Bibi mzaa mama alikuwa akimtaja babu yake kwa neno moja tu: alichukuliwa. Utotoni nilijua amechukuliwa na mashetani, maana ndivyo tunavyosema mtu akipotelea porini. Nilikuwa sekondari nilipoelewa kwamba waliomchukua walivaa sare. Alibebeshwa mizigo ya vita, hakurudi. Bibi hakuwahi kusema mizigo ilikuwa ya jeshi gani. Nilipomuuliza, alinitazama kana kwamba swali lilikuwa la kitoto.

Wapagazi wa namna hiyo walikuwa mamia ya maelfu, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, inawataja kwenye maandishi yake. Lakini ukiinua macho, aliye juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi kapewa maneno, mwili hakupewa.

Sasa narudi kwenye kitabu. Udhaifu wake haumo kwenye kanuni. Umo kwenye namna kinavyogawa meza: kwa sehemu kubwa sare iko upande huu na uovu upande ule. Mwanakijiji, ambaye ndiye aliyezitunga hadithi za wafu na wanyonya damu, anabaki mtu wa kuokolewa. Hakuna anayemuuliza kama alimwogopa mfu peke yake, au pia yule kijana wa koti la buluu aliyekuja kumchukulia ng’ombe na mtoto wa kiume.

Sanaa ya Wamakonde haikugawa hivyo. Chukua mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani kama kofia kwenye ngoma. Ya ndani ya jando siyaandiki hapa, lakini yanayochezwa uwanjani kila mtu ameyaona. Lipiko ni roho iliyokuja kutisha watu. Na wachongaji, hasa upande wa Msumbiji, wakaipa roho hiyo sura ya Mzungu mtawala pia, na za wageni wengine waliopita. Watu wakakimbia, halafu wakacheka. Mjerumani Karl Weule alipozunguka Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, alikusanya vinyago pia, na alitembea na askari wenye bunduki. Leipzig ndiko Napoleon alikopigwa mwaka 1813, kwa hiyo mji huo una hadithi zote mbili. Sidhani kama kuna aliyeziweka meza moja.

Au mchukue George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa. Wachongaji wengi waliuachia mpingo weusi wake. Yeye alichonga pia miti laini na kuipaka rangi kali. Mashetani wake wana masikio makubwa na vidole pungufu, lakini wamevaa nguo na wana shughuli za mjini kama mimi na wewe. Hawakutoka gizani, ni majirani. Ukishamtazama Lilanga, yule mfu wangu wa kijani anaonekana mpweke kidogo.

Utaniambia ni mchezo tu. Sawa. Lakini hata mchezo huchagua nani achongwe, na kiboksi changu hakikuwa na mtu hata mmoja aliyebeba mzigo.

Basi nikachukua askari wa mwisho, nikamkata bunduki kwa wembe, nikamkwangua vifungo vya koti. Mjomba akachonga furushi kutoka kwenye kibanzi cha mpingo, dogo kuliko punje ya mahindi, tukalibandika kichwani kwa gundi. Nikamuuliza nimpake nguo rangi gani, kwa kuwa hakuna picha wala kitabu cha kunisahihisha. Akasema nipake kaniki, basi, na miguu niipake vumbi la huku. Nikampaka wekundu wa udongo wa Newala mpaka magotini.

Kitabu kitafuteni, kinafaa. Lakini mkicheza, wekeni mpagazi mmoja katikati ya meza. Kanuni hazisemi amwogope nani kati ya wale wawili wanaomjia. Itabidi muamue wenyewe, kabla ya kurusha dadu.