Siri ya Nyumba: Filme «The Graduate»
Filme hii ya Marekani, ya Mike Nichols (1967), inaonyesha Benjamin: amemaliza chuo kikuu, anarudi kwa wazazi, hajui afanye nini. Analala na Bibi Robinson, muke wa mwenzake wa kazi wa baba yake. Wazazi, bila kujua, wanamsukuma atembeze Elaine, binti ya yule mama; naye anamupenda kweli. Siri inatoka, yote inaharibika. Kwetu, mbele ya kupokea mali, wazee wanauliza kwanza habari za jamaa. Pale wazee wanapanga tu, hawaulizi. Mwisho vijana wanakimbia ndani ya bisi: wanacheka, kisha kicheko kinazimika. Njo pale filme inasema kweli: kukimbia jamaa si kumaliza siri yake.