Chupa ya Watu Watano: Kuyasoma Masimulizi ya Chanjo ya Korona Kasulu na Kibondo

Utangulizi

Katika semina za fasihi simulizi tunafundishwa kwamba kila masimulizi yana fanani, yana hadhira na yana tukio la utendaji. Tukishatoka nje ya ukumbi wa semina tunayasahau yote matatu. Mtu akitusimulia kijiweni kwamba aliyechanjwa korona akiwekewa kijiko begani kinanasa kama kwenye sumaku, tunacheka, tunasema huo ni uzushi wa watu wasiosoma, basi, tunaagiza chai nyingine. Hatuulizi nani anasimulia, anamsimulia nani, na kabla ya hapo wote wawili walikuwa wamesikia nini.

Makala haya yanakusudia kuuliza hayo. Yanayachambua masimulizi ya watu kuhusu kuchanjwa korona katika wilaya za Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, tangu chanjo ilipoingia nchini mwaka 2021. Wapo watakaosema hii si fasihi, ni habari za zahanati. Mimi nasema kwamba hadithi inayosimuliwa zaidi ya mara kumi mbele ya watu walewale, ikacheka palepale na kunyamaza palepale, ina fani na ina maudhui, na mhakiki anayeipita ameacha kazi yake njiani.

Ugonjwa uliokosa jina

Kabla ya chanjo tuangalie lugha. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi, 2020. Hesabu ilipofika wagonjwa 509 takwimu zikasimama, na Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Tangu hapo neno lenyewe likakosa pa kukaa. Watu waliendelea kuugua na kufa, lakini mwanzoni mwa 2021 walikuwa wanakufa kwa "changamoto ya upumuaji".

Hii ni tafsida, na sote tumefundishwa kwamba tafsida hupunguza ukali wa maneno. Lakini tafsida hii ilifanya zaidi ya hapo: ilipunguza ugonjwa wenyewe. Nilikuwa kijana wa miaka 17 nilipokaa msibani Kasulu, babu yangu mdogo amefariki, na msemaji wa familia akayatamka maneno hayo kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza. Wakati huohuo kila mwenye simu ya maana alikuwa amekwisha kuona picha za Februari 2021 za Dakta Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha, akizungumza na waandishi wa habari nje ya hospitali kule Dodoma, akikohoa na kuhema, ili kukanusha uvumi kwamba amefariki. Huyu ni mtoto wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu. Kwa watu wa kwetu hakuwa picha tu ya kwenye televisheni. Mwezi huohuo, tarehe 17, alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana korona. Yaani hadhira iliona kwa macho jambo ambalo masikio yake yalikatazwa jina lake.

Hapa ndipo mgogoro wa kwanza ulipo. Ugonjwa usio na jina hauna chanjo. Huwezi kumwambia mtu mwezi Agosti akinge mkono dhidi ya kitu ambacho mwezi Machi uliapa hakikumwua ndugu yake.

Fanani aliyebadili hadithi katikati

Tarehe 27 Januari, 2021, kule Chato mkoani Geita, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba chanjo hizo hazifai, akaionya Wizara ya Afya isizikimbilie, akasisitiza kujifukiza na kumtegemea Mungu. Alifariki tarehe 17 Machi. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu. Tarehe 24 Julai zikapokelewa dozi 1,058,400 za Janssen, msaada wa Marekani kupitia mpango wa COVAX. Na tarehe 28 Julai yeye mwenyewe akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam, kamera zikiwa mbele yake.

Tukiyatazama haya kwa macho ya fasihi simulizi, tunaona hadithi moja yenye fanani mmoja, yaani Serikali, aliyebadilisha mwisho katikati ya utambaji. Kubadilisha si kosa. Fanani hodari hubadilisha kila siku, na mabadiliko haya kwa maoni yangu yaliokoa watu. Lakini fanani anapobadilisha mbele ya hadhira iliyoujua mwisho wa kwanza, hadhira humkatiza: "Mbona jana hukusema hivyo?" Naye ana wajibu wa kujibu. Swali hilo Kasulu liliulizwa sana, ila halikupewa jibu, lilipewa jina. Liliitwa upotoshaji.

Nisieleweke vibaya. Upotoshaji ulikuwapo. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo Mbunge wa Kawe, aliipinga chanjo mimbarini wiki kwa wiki, mpaka Agosti 2021 Bunge likamsimamisha asihudhurie mikutano miwili. Mahubiri yake yalifika Kasulu kwa simu haraka kuliko gari la matangazo. Lakini kwa nini yalipata hadhira? Kwa sababu yeye aliendelea na hadithi ileile ya zamani, hakuibadilisha. Kwa msikilizaji aliyechanganyikiwa, msimuliaji asiyebadilika huonekana mkweli hata anapopotoka. Hiyo ni nguvu ya fani, si ya maudhui.

Kwa haki tuseme pia kwamba simulizi ya Rais Samia siku ile ilikuwa na ufundi. Alijieleza kama mama na bibi wa wajukuu, na akakumbusha kwamba mwili wake ulikwisha kupokea chanjo nyingine tangu zamani. Aliuweka mwili wake mbele kama ushahidi. Hilo watu wa kwetu walilishika. Tatizo ni waliomfuatia.

Ushuhuda wa kampeni

Waliomfuatia walileta ule ninaouita ushuhuda wa kampeni. Kila mtu aliusikia redioni na kwenye vipaza sauti. Muundo wake una hatua nne: niliogopa, nikapewa elimu, nikachanjwa, sasa nina furaha. Mhusika wake ni bapa, hana jirani, hana mihogo ya kumenya, hana msiba. Alikuwa mjinga, sasa ameelimika. Mwisho anawaasa wenzake.

Ajabu ni kwamba uvumi nao una muundo huohuo ukigeuzwa tu: hakuogopa, akachanjwa, akapatwa na balaa (sumaku, ugumba, kufa baada ya miaka miwili), nasi tunaaswa. Kampeni na uvumi ni pacha. Wote wawili wamefuta kitu kimoja, yaani ile nafasi kati ya kuogopa na kukinga mkono, ambamo binadamu huamua. Na fasihi yoyote yenye thamani hukaa katika nafasi hiyo.

Simulizi ya bibi

Sasa nije kwenye matini yangu kuu. Bibi yangu alizaliwa kabla ya Uhuru, na begani ana kovu la chanjo ya ndui, duara lililobonyea kama alama ya kidole kwenye unga. Anapoanza kusimulia alivyochanjwa korona haanzi na korona. Anafunua bega.

Tulitafakari neno. Kuchanja ni kupasua kuni, na ni kukata chale na kupaka dawa, kazi aliyoifanya mganga miaka mingi kabla ya zahanati. Chanjo ya ndui ilikuja ikachuna ngozi ikaacha kovu, kwa hiyo ikaingia katika neno hilo bila taabu. Ndui ikaondoka, mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomea duniani. Bibi hajui tangazo, anajua tu kwamba waliokuwa na kovu walipona na wajukuu wao hawajawahi kuiona ndui. Chanjo ya korona haikuacha kovu. Iliacha kadi. Kwa bibi hilo lilikuwa na walakini: chanjo gani ambayo ushahidi wake unaweza kuliwa na panya?

Hata hivyo alikwenda. Hakupewa elimu na mtu. Alikwenda, anasema, kwa sababu shemeji yake alikuwa amekufa "kwa kile kitu". Yeye ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kukataa tafsida, ingawa naye hakuwa na jina la kuweka mahali pake.

Alitembea mpaka zahanati, nikimsindikiza. Nesi akampokea kwa heshima, "Shikamoo bibi," halafu akamwambia asubiri. Chupa ya Janssen ina dozi tano, na ikishafunguliwa haikai sana. Wakati huo dawa ilikuwa chache, na nesi hakutaka kumwaga dozi nne. Bibi alikuwa peke yake. Akaulizwa kama anaweza kurudi siku nyingine.

Hapa ndipo kilele cha simulizi. Bibi anasema hakuwa na miguu ya siku nyingine. Akakaa kwenye benchi, akanituma mimi nikalete watu. "Waambie bibi yuko zahanati anasubiri, jua linazama." Nikaenda. Akaja fundi baiskeli, akaja mzee jirani na mkewe, na wa tano akatolewa shambani, mama kijana mwenye jembe bado mkononi. Chupa ikafunguliwa. Jioni watu watano walirudi pamoja, mmoja tu akiwa ndiye aliyeondoka nyumbani kwa nia ya kuchanjwa.

Hadhira hucheka hapo kila mara. Nami nimecheka. Lakini linganisheni na ile kampeni ya hatua nne. Katika simulizi hii hakuna aliyeelimishwa. Wanne walichanjwa kwa sababu ya ujirani na haya ya kumwacha mzee akae kwenye benchi. Hii ndiyo maana halisi ya kinga ya jamii, na hakuna bango lililoisema.

Kibondo: hadithi ya mpakani

Mjomba wangu ni mfanyabiashara Kibondo, huenda soko la Mabamba karibu na mpaka wa Burundi. Simulizi yake haina bega wala benchi, ina ulinganisho. Agosti 2021 sisi tunachanjwa, upande wa pili hawachanji. Burundi ilianza Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo sokoni kulikuwa na mjadala wa watu wanaouziana maharage huku kila mmoja akimwona mwenzake ndiye wa majaribio. Mjomba alichelewa. Alichohofia si sindano, ni kuandikishwa. Mtu wa Kibondo amezoea kuulizwa uraia wake njiani, na karibu naye wakati huo ilikuwapo kambi ya Nduta ambako maisha ya mtu yalikuwa katika kadi ya mgao. Katika mazingira hayo fomu na kitambulisho havisomwi kama vinavyosomwa Mikocheni. Anayesema mjomba aliogopa chanjo hajaisoma hadithi, amesoma kichwa cha habari.

Udhaifu wa matini

Mhakiki asiwe mpiga debe wa bibi yake. Simulizi ya bibi ina kasoro, na moja ni kubwa. Yule mama kijana anapita katika sentensi moja. Kila aliyechanjwa alisaini fomu ya ridhaa, kwamba amekubali kwa hiari yake. Je, yeye alikubali? Alikuwa amesikia habari za ugumba, na alikuwa na mtoto mmoja tu. Nilipomwuliza mwaka uliofuata alicheka kidogo, akasema alisaini ili bibi akalale.

Jibu hilo linanisumbua mpaka leo. Ujirani uliompeleka zahanati ndio ujirani ambao siku nyingine ungeweza kumzuia asiende. Kicheko cha hadhira kinafunika shinikizo. Amepata mtoto wa pili, mzima, na hakuna anayelisimulia hilo. Uvumi wa ugumba umekufa bila matanga, na hofu yake ya miezi ile imezikwa nao. Kampeni ilimfuta kwa kumwita mjinga, bibi kamfuta kwa kumgeuza wa tano. Simulizi yake mwenyewe bado haijapata fanani.

Hitimisho

Yapo mambo mawili ya kufanya. Kwanza, tuyakusanye masimulizi haya sasa, maana neno lenyewe linahama. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, ulijenga pamoja na mengine madarasa 15,000 nchini, na kwa mtoto aliyesomea humo UVIKO ni jina la darasa lenye madawati mapya. Miaka kumi ijayo ukimwuliza korona ilikuwa nini atakuonyesha jengo.

Pili, tuache kutumia neno "uzushi" kama rungu la kumalizia mazungumzo. Baadhi ya yaliyosemwa yalikuwa uongo na yaligharimu maisha. Hilo lazima lisemwe wazi. Lakini uongo ulipata makao kwa watu waliokuwa wamezika ndugu zao kwa jina la bandia. Hao hawakukosa elimu. Walikuwa na kumbukumbu.

Likizo ijayo nitarudi Kasulu na daftari. Bibi nimekwisha kumsikia. Nitaanzia kwa yule mama, nikimkuta shambani nitamsaidia kupalilia kwanza.