Kiarabu kwa Wasio Wanafunzi wa Fani: Nafasi ya Msamiati wa Kiswahili katika Uandaaji wa Vitabu vya Kufundishia

Mwanafunzi wa historia au sheria anayesoma Kiarabu kwa mihula miwili hahitaji silabasi ya wataalamu iliyopunguzwa kurasa. Anahitaji kitabu kinachozingatia matini atakazozisoma na lugha anayoijua tayari. Al-Kitaab fii Taʿallum al-ʿArabiyya cha Brustad, Al-Batal na Al-Tonsi, kilichotoka mwaka 1995 na kutumiwa sana katika vyuo vikuu vya Marekani, kinaeleza sarufi kwa Kiingereza. Somo lake la kwanza linamtambulisha Maha, anayeishi New York na ambaye baba yake ni mfasiri wa Umoja wa Mataifa. Uteuzi huo una mantiki kwa walengwa wake. Ukihamishiwa kwa mzungumzaji wa Kiswahili, unamchukulia kuwa anaanza mikono mitupu.

Ilhali hazina anayo. Kitabu, katibu na maktaba humwonesha mzizi k-t-b. Hukumu, hakimu na mahakama humwonesha h-k-m. Kwa hiyo, dhana ya mzizi wa konsonanti tatu inaweza kujengwa tangu wiki ya kwanza kwa maneno ambayo mwanafunzi huyatumia kila siku.

Hazina hiyo, hata hivyo, ina mitego. Tafadhali ya Kiswahili huomba, bali tafaḍḍal ya Kiarabu hukaribisha. Karibu humpokea mgeni, ilhali qarīb huonesha ukaribu wa mahali, wakati au nasaba. Kiswahili kimeliingiza neno kitabu katika ngeli ya ki-/vi-, hivyo wingi wa Kiarabu, kutub, huonekana mgeni kabisa. Aidha, asiyetofautisha q na k hutamka qalb, 'moyo', kama kalb, 'mbwa'.

Huenda ikadaiwa kwamba kuegemea Kiswahili kutazidisha makosa hayo. Hoja hiyo haina mashiko: athari ya lugha ya kwanza haiondoki kwa kunyamaziwa na kitabu. Kinachohitajika ni kila sura kubainisha maneno yaliyohifadhi maana, yaliyohama maana na yaliyobadili umbo, kisha kuyatumia katika matini halisi: hati za Kiarabu za Nyaraka za Taifa Zanzibar kwa mwanahistoria, na istilahi za mahakama za kadhi, zinazotambuliwa na ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kwa mwanasheria. Bila hatua hiyo, mwanafunzi ataendelea kufundishwa Kiarabu kwa kupitia Kiingereza, huku lugha iliyo karibu zaidi na msamiati wake ikiachwa nje ya darasa.