Gato za Funakoshi na simu ya mdogo wetu

Ndugu wasomi, ba yaya na ba mdogo, leo sileti tangazo la kazi. Naleta malalamiko.

Hapa kwetu Lubumbashi kuna ukuta mmoja umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ukijifunza karate hakuna mtu atakusumbua tena. Ndani ya ule ukuta nilifanya miaka saba, tangu sekondari mpaka licence. Mukaba wangu ni wa maroni. Sijafika mweusi, na sitaki mtu afikiri naandika kama mkubwa wa mchezo.

Mdogo wetu mmoja wa kilabu alikuwa anarudi kwao saa mbili za usiku. Vijana wawili wakamsimamisha: "Leta simu." Akakataa, kwa sababu TFC yake yote ilikuwa ndani ya ile simu, na hakuwa na kopi mahali pengine. Akasimama namna tulivyofundishwa, mguu wa kushoto mbele. Mmoja alikuwa na panga nyuma ya mgongo. Simu waliibeba, na mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kuume havikunjiki. Akiwa bado na bandeji, wenzake wakamcheka: "Weye uko na mukaba ya bulu, walikunyanganya namna gani?" Na mwalimu wetu, mtu ninayemheshimu, alisema paka neno moja: mikono yake ilikuwa chini.

Hapo njo nilikasirika. Kumbe kosa lilikuwa la mikono?

Nikarudi kwenye kitabu cha Gichin Funakoshi, ambacho wengi wetu tunakijua kwa Kifaransa kwa jina la Karaté-dô, ma voie, ma vie. Huyu ndiye mzee ambaye picha yake inaninginia katika karibu kila dojo ya Shotokan, na tunaiinamia kila tunapoingia. Alizaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868, akafundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na mwaka 1922 akapeleka karate Tokyo kuionyesha. Tunainamia picha, lakini kitabu hatukisomi.

Ndani yake kuna kisa cha usiku mmoja akiwa bado kijana. Alibeba gato za kuweka mbele ya mababu. Watu wawili wakamzuia njiani. Alikuwa na nguvu, alikuwa mwanafunzi wa walimu wakubwa wa wakati ule, Azato na Itosu. Akawapa zile gato, akaenda zake. Walimu wake waliposikia, walifurahi sana, kama vile ameshinda. Kuna kisa kingine cha uzeeni, karibu na miaka 80: mtu akataka kumwibia, mzee akamkamata sehemu za siri, akamshika hapo hapo mpaka polisi akapita. Sisi tungepiga makofi! Yeye anaandika kwamba hakujivunia, maana alifanya kile alichokuwa anawakataza wanafunzi wake.

Basi kati ya mzee huyu na ule ukuta wa rangi nyekundu, mmoja anasema bongo.

Lakini nisimfanye Funakoshi kuwa mtakatifu, kwa sababu na kitabu chenyewe kina shimo. Anasimulia alivyotoa gato, ila haelezi vizuri mtu afanye nini kama hana gato ya kutoa. Dada mmoja wa promosyo yetu, tulipokuwa tunazungumza juu ya kisa hiki, aliuliza: "Na mimi, kama wananitaka mimi mwenyewe, nitoe nini?" Tulikuwa wanaume wanne pale. Hakuna aliyejibu.

Swali lake lina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Anko Itosu aliingiza karate katika shule za Okinawa. Watoto ni wengi, mwalimu ni mmoja, basi wakasimamishwa kwa mistari, wakahesabiwa, wakapiga hewa pamoja. Akatunga Pinan tano, zile ambazo Funakoshi baadaye aliziita Heian, ziwe nyepesi kwa wanaoanza. Katika barua yake ya 1908 Itosu alisema wazi kwamba karate si ya kupambana na mshindani mmoja. Ni ya kuepuka kuumizwa ukikutana na mtu mbaya. Barua ile ile inasifu faida yake kwa watoto watakaokuwa askari. Kwa hiyo ilikuwa mazoezi ya viungo na nidhamu, na yale ya hatari yakabaki kwa wachache. Funakoshi aliendeleza njia hiyo. Sisi tulirithi mistari na hesabu.

Nitoe mfano mmoja ambao kila aliyefanya hata mwezi mmoja atauelewa. Ukipiga ngumi ya kuume, ngumi ya kushoto unaivuta mpaka ubavuni. Inaitwa hikite. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa ni kwa ajili ya nguvu. Miaka saba nilivuta mkono mtupu, huku uso wangu uko wazi. Lakini ule mkono haukuwa mtupu: umeshika mkono wa adui, au shati lake, unamvuta apoteze msimamo na aje mwenyewe kwenye ngumi. Yaani ni mchezo wa karibu kabisa, wa mtu aliyekwisha kukushika. Ni jibu kwa swali la yule dada, na tulikuwa nalo kila siku mikononi bila kulijua. Funakoshi anasema alitumia miaka kumi kwa kata tatu tu za Tekki. Zamani niliona ni mateso ya bure. Sasa nafikiri walikuwa wanatafuta ndani yake kitu ambacho sisi tuliruka tukimbilie mukaba.

Wako wanaosema dawa ni mashindano, kwa sababu pale unapigana na mtu kweli. Waangalie Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, fainali ya wazito. Tareg Hamedi wa Saudia anaongoza 4 kwa 1. Anapiga teke la kichwa, Sajad Ganjzadeh wa Irani anaanguka na kupoteza fahamu, anabebwa kwa machela. Waamuzi wakamtoa Hamedi kwa kupiga bila kujizuia, na dhahabu ikaenda kwa aliyelala. Watu wengi walicheka. Mimi nasema waamuzi walikuwa na haki: ni mchezo, na mchezo unalinda wachezaji wake. Ila mtu akikaa miaka mingi akijifunza kuizuia teke yake sentimita chache mbele ya uso, kwa mbali, na mwamuzi katikati, usimwambie yuko tayari kwa panga. Funakoshi hakupenda mashindano. Alikufa Aprili 1957, na mwaka ule ule chama cha JKA kikafanya ubingwa wake wa kwanza wa Japani nzima.

Ninachowalaumu walimu wetu si kwamba hawajui kupiga. Ninawalaumu kwa kuuza vitu vitatu kwa bei ya kimoja: mchezo, malezi na kujilinda. Malezi wanayatoa, na mimi ni shahidi. Ile heshima niliyonayo mbele ya wakubwa nimeitoa pale. Lakini katika miaka saba hakuna siku moja tuliyojifunza kupiga kelele, kukimbia, kuangalia mikono ya mtu kabla ya uso wake, au kusema "chukua" na kurusha simu mbali upate nafasi ya kutoroka. Nilipopendekeza, niliambiwa hayo si karate. Mzee wa gato angecheka.

Siku hizi Jumamosi asubuhi tunakutana watatu nyuma ya nyumba ya kwetu: mimi, yule dada na mdogo wetu. TFC aliiandika upya kwa mkono wa kushoto, akaitetea. Dada anamshika shati kwa nguvu, yeye anajaribu hikite, vidole viwili vinagoma, shati linamtoka. Juma lililopita akaacha vidole, akaubana ule mkono kwa kiwiko kwenye mbavu zake na kugeuka. Dada akayumba. Tukarudia mpaka mama akatuita tuhame, anataka kuanika nguo.